Mtoto wa materneli: hamu yake ya kujua isizimwe

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, kutoka Kipushi mpaka Kolwezi, tunasikia neno moja katika makambi na mitaa yetu: «Ku materneli batoto banachezaka tu. Juu ya nini tulipe minervali?»

Wanaosema hivi si wajinga. Feza ya mchimbaji ina kazi mingi: kodi ya nyumba, unga wa bukari, makala, dawa, na kaye na biki za wale wakubwa. Kiisha, tangu Septemba 2019 Serikali imetangaza kwamba primeri ya Serikali ni bure. Basi baba anajiuliza: kama mtoto wa miaka 6 anaingia bure, kwa nini tulipe kwa yule wa miaka 4, tena kwa michezo?

Leo tunapenda kujibu swali hilo sawasawa. Jibu letu ni hili: mtoto mdogo anapocheza vizuri, njo pale anafanya kazi yake. Mchezo si hatari. Hatari ni kuzima ile hamu ya kujua ambayo mtoto alizaliwa nayo. Na sisi wakubwa tunaizima kwa njia mbili tunazotumia kila siku. Moja ni fimbo, na hiyo watu wanaijua. Ya pili ni zawadi, na hiyo wengi itawashangaza.

Hamu iko tayari ndani ya mtoto

Mwangalieni mtoto wa miaka 3 pa nyumba. Mama anatwanga sombe, yeye anataka mchi. Dada anakwenda kuchota maji, yeye anachukua kopo lake na kufuata nyuma. Baba anarudi kazini, yeye anavaa viatu vya baba na kuzunguka kiwanja chote. Na kutwa nzima anauliza: «Hii ni nini? Juu ya nini inafanya hivi?» mpaka watu wanachoka kujibu.

Nani alimuahidi kitu ili afanye hayo yote? Hakuna. Nani alimtisha? Hakuna. Anaona kazi ya wakubwa, anataka kuijua, basi. Hiyo hamu njo mafuta yanayoendesha masomo yote ya baadaye.

Lakini miaka miwili mitatu ikipita, watoto wengi wanabadilika. Asubuhi ya masomo tumbo linauma. Kaye imepotea. Mtoto aliyekuwa anauliza maswali mia kwa siku, sasa mu kalasi ananyamaza kama jiwe. Mzazi anasema: «Mutoto huyu iko muvivu.» Sisi tunasema: subiri kwanza. Uvivu wa namna hii haukuzaliwa naye. Tuangalie ulitoka wapi.

Kalamu za rangi na cheti cha dhahabu

Mwaka 1973, Marekani, wataalamu watatu, Lepper, Greene na Nisbett, walitoa matokeo ya jaribio walilofanya katika shule ya watoto wadogo ya chuo kikuu cha Stanford. Walichukua watoto 51, wa miaka 3 mpaka 5, wote watoto waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Wakawagawanya makundi matatu.

Kundi la kwanza waliambiwa: mkichora, mtapata cheti kizuri chenye nyota ya dhahabu na utepe. Wakachora, wakapewa. Kundi la pili hawakuambiwa kitu. Walichora tu, kiisha wakashtukia wanapewa cheti kile kile. Kundi la tatu walichora na hawakupewa kitu.

Siku zikapita. Kiisha zile kalamu ziliwekwa tena mu kalasi, pamoja na michezo mingine, na mtu hakusema neno. Kila mtoto alikuwa huru kuchagua. Wataalamu walikaa mahali wasipoonekana, wakihesabu muda ambao kila mtoto anachora.

Watoto wa kundi la pili na la tatu waliendelea kuchora kama zamani. Lakini wale waliokuwa wamepatana zawadi mbele walichora kama nusu tu ya muda wa wenzao. Tena, michoro waliyofanya kwa ajili ya cheti ilipopimwa, ilionekana haina uzuri sawa na ile ya wengine.

Nini kilifanyika? Mbele ya mapatano, mtoto alikuwa anajiambia: ninachora juu ninapenda. Kiisha ya mapatano akajiambia: ninachora juu ya cheti. Cheti kilipokosa, sababu ya kuchora nayo ikakosa.

Muangalie sana jambo moja. Kundi la pili nao walipata cheti, na hamu yao haikupungua. Zawadi yenyewe haikuharibu kitu. Kilichoharibu ni yale mapatano: «ukifanya hivi, nitakupa vile.» Kumpa mtoto biskuti kwa sababu unampenda si kosa. Kumuambia kila asubuhi «ukienda ku masomo bila kulia, nitakununulia pipi», hapo unamfundisha kwamba masomo ni dawa chungu ambayo haimezwi bila sukari. Na bei itapanda: leo pipi, kesho soda, mwaka kesho simu.

Mkubwa anafanya kazi kwa mshahara, na hiyo ni haki yake. Hakuna anayeshuka chini ya ardhi bure. Lakini kazi ya mtoto wa miaka 4 ni kukua, na kukua hakulipwi.

Fimbo nayo inaharibu kwa njia ileile, na kwa ukali zaidi. Mtoto anayeogopa kupigwa akikosea, atatafuta njia ya kutokosea. Njia rahisi kuliko zote ni kutojaribu. Ndiyo sababu mtoto yule ananyamaza mu kalasi.

Mtu wa mawe aliyevumbua bustani ya watoto

Basi, kama si fimbo wala mapatano ya zawadi, mtoto mdogo anafundishwa kwa njia gani? Wachimbaji watafurahi kusikia kwamba mmoja wa watu wa kwanza kujibu swali hili alikuwa mtu wa mawe.

Friedrich Fröbel alizaliwa Ujerumani mwaka 1782. Akiwa kijana alifanya kazi katika jumba la madini la Berlin, akipanga mawe yenye pembe zilizonyooka, yale yanayong'aa kama vioo vilivyokatwa. Kila mchimbaji anayajua mawe ya namna hii. Fröbel aliona kwamba jiwe linakua kwa kanuni yake kutoka ndani, hakuna anayelisukuma. Akafikiri kwamba mtoto naye anakua hivyo.

Mwaka 1837, katika mji wa Bad Blankenburg, alifungua nyumba ya watoto wadogo, na mwaka 1840 akaipa jina linalomaanisha bustani ya watoto. Hakuwapa vitabu. Aliwapa mipira ya sufu, mpira wa mti, kipande cha pembe nne na kingine cha mviringo kama gogo. Kiisha aliwapa kisanduku chenye vipande vinane vidogo vinavyoungana kuwa kimoja kikubwa. Mtoto anakivunja, anakijenga. Leo ni nyumba, kesho ni kiti, kesho kutwa ni mbili ya nne na nne ya nane. Hesabu inaingia kwa mikono, mbele ya kuingia kwa mdomo.

Miaka 70 baadaye, Italia, mama mmoja daktari alifanya kazi iliyo karibu zaidi na maisha yetu. Ni Maria Montessori. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika San Lorenzo, mtaa wa wafanyakazi maskini wa mji wa Roma. Wazazi walikuwa wanakwenda kazini tangu asubuhi. Watoto wa chini ya umri wa masomo walibaki peke yao, wakichafua kuta na kuharibu ngazi. Wenye nyumba ndio waliotaka mtu wa kuwachunga.

Montessori aliweka meza na viti vya kimo cha mtoto, na rafu za chini ambako mtoto anajichukulia mwenyewe. Aliweka vifaa kama kipande cha mti chenye mashimo kumi, na vipande kumi vya mviringo vya kuingiza ndani. Kila kipande kina shimo lake. Ukikosea kimoja, cha mwisho kinakataa kuingia. Hapo mwalimu hana haja ya kupiga kelele «umekosa!» Kazi yenyewe inamuambia mtoto, naye anarudia. Kila fundi anajua jambo hili: nati isiyo ya bolti yake haifungi, hata ukasirike namna gani.

Yeye naye alijaribu kutoa zawadi. Aliona watoto waliokuwa wamezama katika kazi hawakuzijali, akaziacha. Furaha ya mtoto ilikuwa kile kipande cha kumi kinapoingia.

Mkiangalia vizuri, mtaona vitu vitatu vinavyorudi kila mahali ambapo watoto wadogo wanapenda masomo yao. Mtoto anashika kwa mikono. Mtoto anachagua mwenyewe, ndani ya mpaka ambao mwalimu ameuweka. Na mtoto anaona mwenyewe kama amefaulu.

Faida yake inaonekana wapi?

Baba atauliza: «Maneno mazuri, lakini matunda iko wapi?» Matunda yalihesabiwa. Tangu 1962, katika mji wa Ypsilanti, Marekani, watoto 123 wa familia maskini za watu weusi waligawanywa kwa bahati: 58 waliingia shule ya watoto wadogo, Perry, na 65 hawakuingia. Wale 58 walisoma saa mbili na nusu tu asubuhi, na kila juma mwalimu alikwenda kwao kuzungumza na mama. Mu kalasi, mtoto alikuwa anasema kwanza anataka kufanya nini, anakifanya, kiisha anaeleza ginsi alivyokifanya. Kusema, kufanya, kueleza.

Wataalamu waliwafuata watu hao mpaka umri wa miaka 40. Waliopita katika shule ile, 77 katika kila 100 walimaliza sekondari. Wenzao walikuwa 60. Waliokamatwa na polisi mara tano au zaidi walikuwa 36 katika kila 100. Kwa wenzao, 55. Hawakupewa mali. Walipewa mwanzo mzuri, katika umri wa miaka 3 na 4.

Na sisi huku, primeri ya bure imejaza makalasi. Mwalimu mwenye watoto wengi hana nafasi ya kukaa karibu na kila mmoja. Anayeingia kalasi ya kwanza akiwa amezoea kuuliza, kushika, kukosea na kurudia, ataweza kusimama hata mu kalasi iliyojaa. Anayeingia na woga atapotea nyuma, na hakuna atakayemuona.

Mambo ya kuangalia mbele ya kulipa minervali

Wazazi wengi wanachagua materneli kwa kusikia tu watoto wanavyoimba Kifaransa kwa sauti kubwa. Tunawashauri muingie ndani asubuhi moja na kuangalia mambo haya.

Watoto iko wanafanya nini na mikono yao? Kama saa zote wamefunga mikono na kurudia maneno ya madamu, mjue kazi ni kidogo. Kuna vitu vya kushika, hata kama ni vifuniko vya chupa, udongo na vipande vya mbao?

Mtoto akikosea, madamu anafanya nini? Anacheka, anapiga, au anamuachia nafasi ya kurudia?

Kuna saa ambayo mtoto anachagua mwenyewe mchezo?

Madamu anazungumza nao lugha gani? Hapa tunajua tunagusa jambo gumu. Wazazi wanataka Kifaransa, na wana sababu: njo lugha ya mitihani na ya ofisi. Lakini mtoto wa miaka 4 anafikiri kwa lugha ya nyumbani. Ukimuuliza kwa Kiswahili «umejenga nini?», atakueleza habari ndefu. Ukimuuliza kwa lugha asiyoijua, atakurudishia neno moja alilolishika kama kasuku. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu, na sheria ya masomo ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa zitumike katika kufundisha. Mtoto anayejua kueleza jambo kwa Kiswahili atajifunza Kifaransa akiwa na la kusema.

Pa nyumba, bila franga hata moja

Na yule ambaye kweli hana feza ya materneli? Asikate tamaa. Vitu vya Fröbel vilikuwa vipande vya mbao tu, na kwetu kuna vingi zaidi.

Chimbeni mashimo ya kisolo katika udongo wa kiwanja, muwape watoto mawe madogo. Mtoto anayecheza kisolo anahesabu, anagawa, anafikiri mbele. Kusanyeni vifuniko vya chupa. Mtoto avipange kwa rangi, kwa wingi, kwa mistari. Mpeni udongo autengeneze sahani na ng'ombe. Mpeni makopo mawili ya ukubwa mbalimbali na maji: atajua mwenyewe kopo dogo linaingia mara ngapi katika kubwa. Muacheni atengeneze gari lake la waya, hata kama gurudumu litakuwa pembe nne. Siku ya kwanza litakataa kutembea, na hapo njo masomo yanaanza.

Mpeni pia kazi ya kweli, ndogo, ya umri wake: kuchambua maharagi, kupanga viatu, kupeleka kikombe kwa babu. Asifanye kwa kuahidiwa kitu, afanye kwa sababu yeye ni mtu wa nyumba.

Na baba anayetoka posti ya usiku, tunajua amechoka. Dakika kumi zinatosha. Asiseme tu «vizuri, vizuri» huku macho yamefunga. Aulize: «Hii umeifanya namna gani? Na kipande hiki, juu ya nini umekiweka hapa?» Swali la namna hiyo linamuambia mtoto kwamba kazi yake imeonekana. Haina bei, na haiharibu hamu kama mapatano ya pipi.

Tusisahau watoto walio mbali zaidi na haya yote: wale wanaofuatana na mama mahali pa kuosha mawe, wanakaa kutwa katika vumbi na maji machafu, juu hakuna mtu wa kuwaachia. Sheria inakataza mtoto wa chini ya miaka 18 kufanya kazi ya mgodi. Lakini katazo peke yake halimchungi mtoto wa miaka 3. Mama huyo anahitaji mahali pa kumuacha, karibu, kwa bei anayoiweza.

Nani atajenga?

Wazee wetu wanakumbuka siku ambazo kampuni ilikuwa baba na mama: nyumba, posho, hospitali, masomo, vyote vilitoka kwa Union Minière, kiisha kwa Gécamines. Siku hizo zimepita. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari, na familia nyingi zikajikuta peke yao mbele ya ada za masomo. Kungojea kampuni irudie kuwa baba hakutajenga kitu.

Kuna mji wa Italia unaoitwa Reggio Emilia ambao unaweza kutufundisha. Mwaka 1945, vita ilipoisha, wanakijiji wa Villa Cella, kando ya mji huo, waliuza kifaru cha vita, malori matatu na farasi sita walioachwa na jeshi la Ujerumani. Kwa feza hiyo waliamua kujenga shule ya watoto wadogo. Walikusanya matofali ya nyumba zilizobomolewa na mabomu, wakajenga kwa mikono yao, siku za kupumzika. Mwalimu kijana, Loris Malaguzzi, alisikia habari hiyo, akapanda baiskeli kwenda kuangalia, naye akabaki katika kazi hiyo maisha yake yote. Leo watu wa dunia nzima wanakwenda Reggio Emilia kujifunza mambo ya watoto.

Sisi hatuna kifaru cha kuuza. Tuna sheria. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaamuru kila kampuni yenye haki ya kuchimba itoe angalau 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya wenyeji. Feza hiyo inasimamiwa na chombo chenye wajumbe wa kampuni na wajumbe wa wenyeji. Tena kampuni inapatana na wenyeji ahadi zake katika kile kitabu kinachoitwa «cahier des charges». Na katika ile kodi ya madini ambayo kampuni inalipa, 15% ni ya eneo ambamo mgodi uko.

Mara nyingi, miradi ikitajwa, watu wanaomba barabara, visima, hospitali na primeri. Ni haki. Lakini watoto wa miaka 3 mpaka 5 hawaombi kitu katika mkutano, na hakuna anayewaombea. Basi tunawauliza ninyi wazazi: wajumbe wenu katika chombo hicho ni nani? Mnawajua kwa majina? Katika «cahier des charges» ya kampuni inayochimba kwenu, materneli imeandikwa, au haimo?

Mkutano ujao, mama mmoja asimame na kuomba makalasi mawili ya watoto wadogo, na madamu aliyefundishwa kazi hiyo, na saa za kufungua zinazofuata saa za posti za wazazi. Na wababa wasicheke wakisikia kwamba ndani ya makalasi hayo watoto watacheza.